Toyota 86 na sekunde tano za Phillip Island

Swali la msomaji aliyeko Melbourne: "Nina Toyota 86 ya mwaka 2014, gia za mkono, haijabadilishwa kitu zaidi ya pedi za breki. Nimeshiriki wikiendi mbili za sprinti, mbio za kutafuta muda bora wa mzunguko mmoja, pale uwanja wa Phillip Island, na mzunguko wangu bora ni dakika 2 na sekunde 4.8. Kuna jamaa wawili wenye 86 kama yangu: mmoja anapiga 1:59.6, mwenzake 1:58 na ushee. Nimeweka akiba dola 4,000. Fundi mmoja ananiambia nifunge turbo, mwingine koilova (shokapu na springi za kurekebishika). Wikiendi ijayo imebaki wiki sita. Nifanyeje nishuke chini ya dakika mbili?"

Kaka, turbo iache dukani. Kasi itaongeza, hilo halina ubishi, lakini itakuhamisha daraja uanze kupambana na magari ya nguvu, itapandisha joto la oili na maji, na itakufikisha kona ya kwanza kwa mwendo ambao breki zako hazijajiandaa kuupokea. Muda utaendelea kuupoteza palepale unapoupoteza leo, tofauti ni kwamba utakuwa unaupoteza kwa gharama. Koilova si wazo baya, ila si za wiki sita hizi. Ukibadilisha shokapu na springi kabla hujajua gari lilivyo sasa linakwambia nini, hutajua kipi kimeleta nafuu na kipi kimeharibu.

Tuanze na hesabu. Uwanja ule una urefu wa mita 4,445 na kona 12. Kuuzunguka kwa 2:04.8 ni wastani wa kilomita 128.2 kwa saa. Kuuzunguka kwa 1:59.9 ni wastani wa 133.5. Unachokitafuta ni kilomita tano na kidogo kwa saa, zikigawanywa kwenye mzunguko mzima. Hakuna kona moja iliyokuficha sekunde tano. Zimetawanyika, sehemu mbili za kumi za sekunde hapa, nne pale. Kwa mtu anayekwenda mara ya tatu, sehemu kubwa huwa iko mahali panne: kona ya 12, Southern Loop (kona ya 2), kipande cha kutoka Lukey Heights (kona ya 9) kushuka hadi MG (kona ya 10), na ule mzunguko wa kwanza wa kupimwa, ambao karibu kila mgeni huutumia kupasha gari moto. Zinazobaki ziko kwenye matairi na alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu), na hapo ndipo dola zako zitakapokwenda.

Kona ya 12 ndiyo ya kwanza kuitengeneza, ingawa ni ya mwisho kwa namba. Inakutema kwenye barabara nyoofu ya Gardner, yenye urefu wa kama mita 900. Ukiipita hiyo barabara kwa wastani wa kilomita 160 kwa saa unatumia sekunde 20.25. Ukiipita kwa wastani wa 163 unatumia 19.9. Kilomita tatu tu za ziada zinakupa theluthi ya sekunde, na wakati huo wote huna kazi nyingine zaidi ya kukandamiza pedali na kuangalia mbele. Sasa angalia unavyoiingia. Dereva mgeni hutoka MG, anakanyaga mafuta, anaingia kona ya 11 kwa haraka kwa sababu inaonekana rahisi, gari linamvuta nje, halafu kona ya 12 inaendelea kukata kushoto na yeye hana tena barabara. Anaachia gesi katikati ya kona. Hilo kosa moja analibeba mita 900.

Zichukue kona ya 11 na ya 12 kama upinde mmoja mrefu. Iingie ya 11 taratibu kuliko moyo unavyotaka, gari likae katikati ya barabara, vuta subira, na uuguse ukingo wa ndani wa kona ya 12 ukiwa umechelewa, yaani pale ambapo tayari unaiona barabara nyoofu yote. Kanuni ya kujipima ni hii: ukishaanza kukanyaga gesi kwenye kona ya 12, usiiachie tena hata kidogo hadi breki ya kona ya kwanza. Ukilazimika kuiachia, uliingia kwa kasi mno au uliugusa ukingo mapema mno. Punguza kilomita tano za kuingilia na ujaribu tena. Utajisikia mzembe, lakini saa itakuwa na maoni tofauti.

Doohan, kona ya kwanza, ni ya kulia na inatisha kwa sababu unaifikia kwa kasi kubwa kuliko zote, bahari iko mbele yako na barabara inateremka. Hapa usitafute ushujaa. Breki ni fupi, ipigwe gari likiwa limenyooka, gia moja chini, halafu gesi kidogo ya kulituliza gari kabla ya kukata. Sekunde za kuvuna hapa ni chache, na gharama ya kukosea ni kubwa. Kitu cha maana ni utoke Doohan ukiwa upande wa kulia wa barabara, maana inayofuata ni Southern Loop, ndefu ya kushoto, yenye vitovu viwili, yaani ukingo wa ndani unaugusa mara mbili. Wengi huugusa ukingo wa ndani mapema, wanasukumwa nje katikati, kisha wanasubiri pua ya gari irudi. Wewe igusie mbali, achia gari lielee hadi katikati ya barabara, kisha livute ndani mara ya pili na uondoke na gesi yote. Kutoka pale hadi kona ya 4 hakuna tena breki ya maana: kona ya 3, iliyopewa jina la Casey Stoner aliyeshinda pale mara sita mfululizo kuanzia 2007 hadi 2012, ni ya mwendo wa juu, na gari la nguvu za wastani kama lako hatimaye huipita bila kuachia gesi. Nasema hatimaye. Usiifanye hivyo Jumamosi asubuhi. Ifikie kwa kupunguza kiasi unachoachia, zamu baada ya zamu, mpaka siku moja ukute mguu haujanyanyuka.

Miller, kona ya 4, ni ya kulia, imekunjika sana, na ndiyo breki nzito kuliko zote. Hapa ndipo tunapoona mguu wa breki wa dereva. Mgeni huanza mapema, anakanyaga kwa upole, anaongeza taratibu, halafu mita 20 kabla ya kona anagundua amepunguza kupita kiasi, anaachia, na gari linateleza tu bila gesi wala breki. Mita kumi ukitambaa kwa kilomita 72 kwa saa ni nusu sekunde nzima. Mita hizohizo kumi ukiwa kwenye 180 ni moja ya tano ya sekunde. Kwa hiyo breki nzuri ni ya kukanyaga kwa nguvu mwanzoni, gari likiwa limenyooka na uzito wote umelala kwenye matairi ya mbele, halafu unaachia kidogokidogo kadiri unavyozungusha usukani. Mguu unaondoka kwenye breki kwa mwendo uleule mikono inavyoingia kona. Ukiachia ghafla, pua inanyanyuka, matairi ya mbele yanapoteza uzito na gari linakataa kukata. Madereva wengi hapo hulaumu saspensheni. Saspensheni haina kosa.

Alama ya kuanzia breki iwe kitu kisichohama: ubao wa mita, ufa kwenye lami, mwisho wa ukuta. Koni hugongwa ikahamishwa, na kivuli kinasogea na jua. Usisogeze alama yako zaidi ya mita tano kwa mara moja, na usiisogeze kabisa kama mzunguko uliotangulia ulichelewa kukanyaga gesi pale wakati wa kutoka.

Siberia, kona ya 6, naipita haraka, na wewe ipite kwa adabu: iko wazi kwa upepo wa Mlangobahari wa Bass, na gari jepesi husukumwa. Tazama bendera za wasimamizi kabla ya kila zamu, ujue upepo unakotoka. Siku upepo unapovuma nyuma yako kwenye barabara ya Gardner, utafika Doohan na kilomita kadhaa zaidi ya jana na alama yako ya breki itakuwa imekudanganya. Na angalia ndege. Mwaka 2015 Andrea Iannone aligonga shakwe kwa kichwa akiwa kwenye mashindano ya MotoGP hapohapo, na bata bukini wa Cape Barren hutembea kwenye nyasi kama wana kadi za uanachama.

Lukey Heights inataka maelezo zaidi. Ni ya kushoto, unaipanda huoni kilicho ng'ambo, na juu kabisa gari linakuwa jepesi. Mara tu baada yake barabara inashuka hadi MG, ambayo ni ya kulia na imekunjika. Mtego uko hivi: ukiipita Lukey kwa kasi yote uliyonayo, gari litakutoa upande wa kulia wa barabara, na MG unaitaka kutokea kushoto. Sasa unapiga breki mteremkoni huku unakatiza barabara kurudi kushoto, mkia umekuwa mwepesi, na 86 hupenda sana kugeuka hapo. Toa sadaka kidogo Lukey. Kaa ndani, kushoto, hata baada ya kilele, punguza gari likiwa limenyooka, ndipo uikate MG. Utapoteza sehemu ya kumi juu na kuvuna tatu chini, kwa sababu MG ndiyo inayokuandalia kona ya 11, na ya 11 ndiyo mlango wa ile ya 12 tuliyoanza nayo.

Gia. Injini ya 86, iitwayo FA20, ina shimo la msukumo kati ya mizunguko 3,500 na 4,500 kwa dakika, na kila mwenye 86 analijua. Kwa giaboksi la asili na tairi za 215/45R17, gia ya 2 inaishia karibu kilomita 97 kwa saa, ya 3 karibu 138, ya 4 karibu 175. Miller na MG ni gia ya 2. Ukiiona sindano inashuka chini ya 5,000 wakati wa kutoka kona nyingine yoyote, uko gia moja juu mno. Kinyume chake, ukilazimika kubadilisha gia katikati ya kona ya 12, ibadilishe kabla hujaingia, hata kama injini italalamika kidogo.

Sasa pesa, kwa mpangilio wa umuhimu.

Mafuta ya breki kwanza, maana ni rahisi na yanaokoa bodi ya gari. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya, kwa kiwango cha chini, huchemka nyuzi 205, na yakishanyonya unyevu hushuka hadi 140. DOT 4 ni 230 na 155. Mafuta ya mashindano kama Motul RBF 600 yakiwa mapya huchemka nyuzi 312. Toa ya zamani yote, siyo kuongezea juu, na utoe hewa kwenye magurudumu yote manne hadi mafuta yatoke safi. Rudia siku chache kabla ya kila wikiendi. Jifunze pia kutofautisha magonjwa mawili ambayo watu huyachanganya. Pedali ikizama, ikawa laini kama sponji, mafuta yamechemka na mvuke wake unabonyea. Pedali ikiwa ngumu kama jiwe lakini gari halisimami, pedi ndizo zimezidiwa na joto. La kwanza linatibiwa na mafuta mapya, la pili na pedi za daraja la juu zaidi. Hukusema pedi zako ni za aina gani. Kama ni za barabarani zilizoandikwa "sport" kwenye boksi, zibadilishe ziwe za uwanjani. Phillip Island haichoshi breki sana ukilinganisha na viwanja vingine, ila Miller na MG zinatosha kuzimaliza zile za kawaida. Na pedi mpya zizoeze kwanza kwenye diski: breki kadhaa za nguvu za kutoka 100 hadi 30, bila kusimama kabisa, kisha mwendo wa kupoza.

La pili ni alaimenti, na hapa 86 ina deni kutoka kiwandani. Kemba ya mbele, yaani pembe ambayo tairi limeinamia ndani (hasi) au nje, iko karibu na sifuri, kwa hiyo kwenye kona tairi linalalia bega lake la nje na kulila. Boliti za kemba ni za bei ndogo na zinakupa hadi kama nyuzi 1.5 hasi. Sahani za kemba juu ya shokapu zinakufikisha 2.5 hadi 3, na kwa uwanja wenye kona ndefu za kushoto kama huu ndizo ningezilipia. Nyuma weka kati ya 1.5 na 2 hasi. Tou ya mbele (matairi kuelekea ndani au nje yakitazamwa kutoka juu) iwe sifuri. Ipimwe wewe ukiwa umeketi kwenye kiti, au magunia ya mchanga ya uzito wako, na tangi likiwa nusu.

La tatu ni matairi, na hapa sikubaliani na ushauri unaousikia pitini, pale magari yanapohudumiwa. Watakwambia ununue nusu-sliki (matairi ya uwanjani yenye mifereji michache) moja kwa moja, Nankang AR-1 au Toyo R888R. Ni matairi mazuri, na pengine jamaa zako wawili ndiyo wanayotumia. Waulize kabla hujajilinganisha nao, maana tairi ndicho kifaa pekee kinachogusa lami. Lakini nusu-sliki inaficha makosa, na ikiachia inaachia kwa ghafla. Kwa wikiendi hii ya tatu nunua matairi ya barabara yenye mshiko mkali, yale yenye alama ya uchakavu 200 ubavuni, 225/45R17. Yanakaa vizuri kwenye rimu za inchi 7 ulizonazo, yanapiga kelele kabla ya kuachia, na yanakurudisha nyumbani hata mvua ikinyesha. Soma kwanza kanuni za tukio: mara nyingi aina ya tairi ndiyo inayoamua daraja lako.

Kinachobaki kwenye dola 4,000, na kitabaki cha kutosha, tumia kwa mwalimu wa kuketi pembeni yako siku moja ya mazoezi, na kwa kifaa cha GPS. Simu peke yake haitoshi. GPS ya simu nyingi husoma mara moja kwa sekunde, na kwenye kilomita 180 kwa saa kila sekunde ni mita 50, yaani kona inaweza kuanza na kwisha katikati ya nukta mbili. Tafuta kipokezi kinachosoma angalau mara 10 kwa sekunde. Muda rasmi utatoka kwenye transponda ya waandaaji, kifaa kinachofungwa kwenye gari kupima muda. Kifaa chako ni cha kukuonyesha mstari wa kasi. Mstari mzuri wa kasi una umbo la herufi V inapokuwa kona iliyokunjika na U inapokuwa kona ndefu. Ukiona sakafu bapa chini ya V pale Miller, hiyo ndiyo ile sehemu unayoteleza bila kanyagio lolote.

Oili: kitabu cha gari kinataka 0W-20, lita 5.4 pamoja na filta. Kwa uwanjani wengi huweka 5W-30 nzuri, kwa sababu joto la oili kwenye FA20 hupanda haraka. Jaza hadi alama ya juu ya kijiti, wala usiizidi. Petroli ni oktani 98, na usishuke chini ya nusu tangi: kwenye kona ndefu mafuta hukimbilia upande mmoja, pampu inanyonya hewa, na injini inakata ukiwa katikati ya kona. Watu huacha tangi karibu tupu eti kupunguza uzito. Lita 25 ni kama kilo 19. Toa tairi la akiba, jeki na takataka za buti, utapata hizo kilo na zaidi.

Upepo wa matairi ndio unaowachanganya wengi. Lengo ni upepo wa moto, siyo wa baridi. Anza na psi 27 asubuhi yenye nyuzi 15. Tairi likifika nyuzi 60 ndani, hesabu ya gesi peke yake inalipeleka psi 33 na nusu, na hapo ndipo unapotaka liwe, kati ya 32 na 34. Uwanja unazungukwa kinyume cha saa, kona saba ni za kushoto na ndefu zaidi ziko huko, kwa hiyo matairi ya kulia, hasa la mbele, hupata moto kuliko mengine. Yaanzishe na psi moja au moja na nusu pungufu. Pima dakika ileile unapoingia pitini, kabla ya kunywa maji, kabla ya kusalimiana. Na kabla hujaondoka chora mstari wa chaki kutoka kwenye bega la tairi kushuka ubavuni. Ubavuni pana alama ndogo ya pembetatu. Ukirudi ukakuta chaki imefutika hadi kuipita pembetatu, tairi linalala, ongeza psi moja. Chaki ikiwa nzima hadi juu ya bega, toa moja. Andika kila kitu kwenye daftari, pamoja na joto la hewa na la lami.

Nati za tairi: 120 Nm kwa spana ya torki, gari likiwa baridi. Zikague tena baada ya zamu ya kwanza zikishapoa, na tena Jumapili asubuhi. Nati iliyolegea haisubiri.

Ukaguzi wa asubuhi usikucheleweshe kwa mambo madogo. Kizima moto cha angalau gramu 900 kwenye mshikio wa chuma, pembetatu ya bluu ya sentimita 15 inayoonyesha betri ilipo, nguo za pamba au sufu kutoka shingoni hadi vifundo vya mikono na miguu, helmeti ya kiwango kinachotajwa kwenye kanuni, ndoano ya kuvutia iliyofungwa tayari. Bima yako ya barabarani, uisome. Nyingi hazigusi tukio linalopimwa kwa saa.

Tufike kwenye kutafuta mzunguko wenyewe, maana hapa ndipo mgeni hutupa sekunde bila kujua. Zamu ya sprinti ina mzunguko wa kutokea, mitatu au minne ya kupimwa, na mmoja wa kupoza. Kinachohesabiwa ni mmoja bora. Matairi ya barabara hutoa mshiko wake mzuri mzunguko wa kwanza na wa pili wa kupimwa. Baada ya hapo yanaanza kuyeyuka na kuteleza kama sabuni. Nusu-sliki huchelewa kidogo. Kwa hiyo ukijiwekea mazoea ya "mzunguko wa kwanza nazoea, wa tatu ndiyo napiga", unapiga tairi likiwa limekwisha. Mzunguko wa kutokea ndio wa kuandaa kila kitu. Kuyumbisha usukani kulia na kushoto hakupashi tairi la maana. Kinachopasha ni breki: kanyaga kwa nguvu mara tatu au nne mahali palipo wazi, ukiwa umeangalia kioo, na uongeze kasi kwa nguvu baada yake. Joto la diski linaingia kwenye rimu na matairi.

Na kumbuka saa inaanza kwenye barabara nyoofu. Maana yake kona ya 12 ya mzunguko wa kutokea ni sehemu ya mzunguko wako wa kwanza wa kupimwa. Ukiipita kwa mwendo wa matembezi, ile theluthi ya sekunde imekwenda kabla hujapita mstari. Tengeneza nafasi mbele yako mapema, baada ya Siberia kwa mfano, kwa kupunguza ukiwa pembeni na kioo ukikitazama. Usisimame kwenye kona ya 11 kusubiri nafasi, kuna mtu nyuma yako naye yuko kwenye hesabu zake. Kwenye foleni ya kutoka pitini jipange kwa ukweli: nyuma ya mwenye kasi kidogo kuliko wewe, mbele ya mwenye pole. Ukikuta gari mbele katikati ya mzunguko mzuri, ukaona utapoteza nusu sekunde, uvunje mzunguko huo. Punguza, poza matairi, jitengenezee nafasi, piga ujao. Kumfukuza mtu kunaleta raha, hakuleti muda.

VSC, mfumo wa gari wa kuzuia kuteleza, usiizime siku ya kwanza. Iweke kwenye hali ya Sport na uitazame taa yake ya njano kama mwalimu. Kila inapomulika, hapo umeomba usukani na gesi kwa pamoja kupita uwezo. Zamu ambayo haimuliki kabisa na muda umeshuka, hiyo ndiyo zamu nzuri.

Jumamosi zamu ya kwanza ni ya kupima upepo wa matairi na kuthibitisha alama za breki, basi. Ya pili, kona ya 12 peke yake. Nyingine zote zipite kwa mazoea. Ya tatu, Southern Loop. Ya nne, Lukey na MG. Jioni linganisha mizunguko yako mwenyewe, vipande bora vya kila mmoja ukivijumlisha. Jumla hiyo ikiwa 2:00.5 wakati mzunguko wako bora ni 2:02, gari halidaiwi kitu. Unadaiwa wewe kuviunganisha. Jumla yenyewe ikiwa 2:02, rudi kwenye mstari wa kasi utafute sakafu bapa.

Muda wako bora unautafuta Jumapili, zamu ya kwanza au ya pili, lami ikiwa kavu. Hewa ya nyuzi 12 ni nzito kuliko ya nyuzi 28 kwa zaidi kidogo ya asilimia 5, na injini isiyo na turbo inaihisi, na matairi hayapati homa mapema. Mchana kila kitu kinapungua, pamoja na dereva: kunywa maji kabla hujasikia kiu, na zamu ya mwisho usiitumie kutafuta sehemu mbili za kumi zilizobaki. Magari mengi hurudi kwenye trela zamu ile.

Mzunguko wa kupoza uwe wa kupoza kweli, gia ya juu, breki uziache. Ukiegesha usivute breki ya mkono, diski ina moto na pedi itaganda au kuacha alama; weka gia na kigingi chini ya tairi. Kabla ya safari ya kurudi Melbourne, ambayo ni mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili, chungulia pedi kupitia tundu za rimu. Zikiwa chini ya milimita 4, funga zile za zamani ulizobeba kwenye boksi. Ongeza na upepo wa matairi, maana yakishapoa yatakuwa yamerudi psi 27, na kitabu cha gari kinataka 35.